SARAFU HUSEMA NINI? Somo la picha na maandishi juu ya sarafu, tangu Warumi hadi Kilwa na mifukoni mwetu



  

Somo letu la mwaka huu tumelichukua kutoka kwenye kitu ambacho kila mmoja wetu anakishika, naye ni nadra kukitazama. Toa sarafu yoyote mfukoni uigeuze pande zote mbili. Kwenye shilingi mia utaona uso wa Mwalimu Nyerere, na upande wa pili swala. Kwenye mia mbili utaona Mzee Karume na simba. Kwenye hamsini yupo Mzee Mwinyi na kifaru. Je, nani aliamua ziwekwe picha hizo? Na je, ni kweli kama wanavyosema baadhi ya watoto hapa Gwarama kwamba mwenye sarafu yenye picha mfukoni swala yake haisihi? Swali hili tumeulizwa mara nyingi, na jibu lake halipatikani kwa kukisia. Linapatikana kwa kuijua historia ya sarafu zenyewe.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili mwanafunzi aweze:
(i) Kueleza kwa nini watawala waliweka picha na maneno juu ya sarafu.
(ii) Kueleza jinsi Waislamu walivyobadili sarafu ya Rumi na ya Uajemi.
(iii) Kutaja sarafu za pwani yetu ya Afrika Mashariki na ujumbe wake.
(iv) Kutumia elimu hiyo katika swala, zaka na biashara.

1. SARAFU NI MJUMBE WA MTAWALA

Zamani hapakuwa na redio wala gazeti. Mfalme alikaa katika mji wake mkuu, na watu wake wengi hawakumwona mpaka wakafa. Kitu kilichotoka mkononi mwake kikamfikia askari, mkulima na mchuuzi kilikuwa ni sarafu. Kwa hiyo watawala waliitumia kama mjumbe. Kipande kile kidogo kilimwambia kila mtu mambo mawili: nani mkubwa, na nani wa kutegemewa.

Kila ukikutana na sarafu, ya kale au ya leo, iulize maswali manne. Kwanza, uso wa nani umewekwa? Pili, ishara gani ipo? Tatu, maneno gani yameandikwa? Nne, ina uzito gani? Tutayatumia maswali haya katika somo zima.

2. SARAFU ZA WARUMI WA KALE

Warumi waliweka juu ya sarafu zao sura za miungu yao, merikebu, tai, mataji ya majani na mwanamke mwenye mabawa waliyemwita mungu wa ushindi. Nyuso za watu waliokuwa hai hazikuwekwa katika sarafu za mji wa Roma mpaka mwaka wa 44 kabla ya Miladia, alipowekwa Julius Caesar. Pembeni mwa uso wake yaliandikwa maneno yenye maana ya "mtawala wa daima". Mwezi Machi wa mwaka huo huo aliuawa kwa visu. Daima yake ilikuwa wiki chache tu. Huu ni mzingatio kwa kila mwenye akili.

Baada yake alikuja Augustus. Alipoitwaa Misri alitoa sarafu yenye picha ya mamba, na maneno ya kwamba Misri imetekwa. Mamba alisimama badala ya nchi nzima ya mto Nile. Kadhalika mwaka 71 Miladia, baada ya Warumi kuubomoa mji wa Baitul Maqdis, mfalme Vespasian alitoa sarafu yenye mwanamke aliyeketi chini ya mtende akilia. Mwanamke yule ni Mayahudi walioshindwa. Mtu asiyejua kusoma aliuelewa ujumbe huo bila kuelezwa.

Lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Caesar alipokufa, Warumi walimtangaza kuwa ni mungu. Augustus, aliyekuwa mtoto wake wa kulea, akaandika juu ya sarafu kwamba yeye ni mwana wa huyo aliyefanywa mungu. Wafalme wengi waliofuata walifanyiwa hivyo baada ya kufa, na katika sarafu zao za maombolezo aliwekwa tai, kuwa ni alama ya mfalme kupaa mbinguni. Tazameni basi shirki ilivyoingia mpaka mkobani. Mtu alinunua mkate kwa kipande kinachomwambia kwamba binadamu aliyezaliwa na kufa ni mungu.

3. RUMI YA MASHARIKI, NA SARAFU WALIYOISHIKA MASWAHABA

Mfalme Constantine aliingia upande wa Wakristo mwaka 312. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa baada ya hapo sarafu zake ziliendelea kuwa na picha ya mungu jua wa Warumi. Mwaka 330 aliuzindua mji wa Constantinople, ambao leo unaitwa Istanbul. Dola iliyotawaliwa kutoka mji ule wanahistoria huiita Bizanti. Waarabu waliiita Rum, na ndiyo iliyotajwa katika Suratur Rum.

Constantine ndiye aliyeanzisha sarafu ya dhahabu ya takriban gramu nne na nusu, ambayo ilikaa karne nyingi bila kupunguzwa. Polepole ishara zikabadilika. Yule mwanamke mwenye mabawa, mungu wa ushindi, katika karne ya sita aligeuzwa kuwa malaika wa kiume anayeshika msalaba. Baadaye msalaba ukasimamishwa peke yake juu ya ngazi. Ndugu zetu Wakristo tunaoishi nao wanaujua msalaba na maana yake kwao. Sisi hapa tunasimulia historia, hatumkejeli mtu.

Jirani zetu wa Afrika nao walikuwa na sarafu zao. Ufalme wa Aksum, katika nchi ya Habasha, ulitengeneza sarafu za dhahabu, fedha na shaba tangu karne ya tatu Miladia. Juu yake ulikuwapo uso wa mfalme, na katika nyingi za dhahabu masuke mawili ya nafaka yaliuzunguka uso huo. Juu ya kichwa palikuwa na mwezi mwandamo na duara. Mfalme Ezana alipokuwa Mkristo katika karne ya nne, mwezi ukaondolewa na msalaba ukawekwa. Wanafunzi wazingatie jambo hapa: mwezi mwandamo ulikuwapo juu ya sarafu za watu wasiokuwa Waislamu miaka mingi kabla ya Mtume (s.a.w.). Ishara haina dini yake yenyewe. Watu ndio wanaoipa maana.

Mwaka 615 Maswahaba wa kwanza walihamia Habasha kukimbia mateso ya Maquraish. Mwaka huo huo, huko Constantinople, mfalme Heraclius, ambaye katika vitabu vyetu huitwa Hiraqli, alikuwa katika dhiki kubwa. Waajemi walikuwa wameuteka mji wa Baitul Maqdis mwaka 614. Hazina ilikuwa tupu hata vyombo vya fedha vya makanisa vikayeyushwa. Hiraqli akatoa sarafu mpya ya fedha, na juu yake akaandika kwa Kilatini dua ya kumwomba Mungu awasaidie Warumi. Nasi tunasoma katika Suratur Rum kwamba Warumi walishindwa, na kwamba baada ya kushindwa kwao watashinda katika miaka michache. Mwaka 627 Warumi waliwashinda Waajemi karibu na Ninawi. Wao waliandika ombi lao juu ya fedha. Habari ya matokeo yake ilikuwa imekwisha teremshwa Makka.

Huyu Hiraqli ndiye aliyepelekewa barua na Mtume (s.a.w.), akamwita Abu Sufyan kumuuliza habari za Mtume, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari. Na sarafu zake za dhahabu, zenye picha yake na ya mwanawe upande mmoja na msalaba upande wa pili, ndizo dinari walizozijua Waarabu wa zama zile. Dirhamu zao nazo zilitoka Uajemi. Hizo zilikuwa na uso wa mfalme mwenye taji, na upande wa pili madhabahu ya moto pamoja na watumishi wawili, kwa kuwa Waajemi waliuabudu moto.

Qur'an imetaja dinari katika Surat Al-Imran aya ya 75, na dirhamu katika Surat Yusuf aya ya 20, pale Nabii Yusuf (a.s.) alipouzwa kwa thamani ndogo. Na katika Suratul Kahf aya ya 19, vijana wa pangoni walimtuma mwenzao mjini na sarafu ya fedha kununua chakula. Vijana wale walikuwa wameikimbia shirki ya watu wao, na bado walinunua chakula kwa fedha ya mji ule.

4. KHALIFA ALIYEUONDOA HATA USO WAKE

Waislamu walipozifungua nchi za Sham, Misri na Uajemi hawakuzitupa sarafu walizozikuta. Walizitumia. Katika dirhamu za Uajemi waliongeza pembezoni maneno ya Kiarabu kama Bismillah, na uso wa mfalme ukabaki palepale.

Mabadiliko makubwa yalifanyika katika zama za Khalifa Abdul-Malik bin Marwan wa Bani Umayya. Mwanahistoria al-Baladhuri ameeleza kwamba ugomvi ulianzia kwenye karatasi za mafunjo zilizotoka Misri kwenda Rumi. Khalifa aliamuru juu ya karatasi hizo yaandikwe maneno ya tauhidi. Mfalme wa Rumi akakasirika, akatishia kuandika juu ya dinari maneno ya kumtukana Mtume (s.a.w.). Khalifa akaona kwamba umma ambao fedha yake inatoka kwa mwingine, heshima yake nayo ipo mikononi mwa huyo mwingine.

Kazi ilikwenda hatua kwa hatua:

(a) Kwanza walichukua umbo la dinari ya Rumi, lakini kile kipande cha kukingama cha msalaba kikaondolewa, ikabaki nguzo juu ya ngazi. Pembeni ikaandikwa shahada.

(b) Kisha, kati ya mwaka 74 na 77 Hijria, ikatolewa dinari yenye picha ya Khalifa mwenyewe amesimama na upanga wake.

(c) Mwaka 77 Hijria, sawa na 696 hadi 697 Miladia, picha zote zikaondolewa. Ikatoka dinari yenye maandishi matupu: kalima ya tauhidi katikati, habari ya utume wa Muhammad (s.a.w.) pembezoni, na upande wa pili maneno ya Suratul Ikhlas, pamoja na mwaka iliyotengenezwa.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Abdul-Malik angeweza kuuondoa uso wa Kaizari akauacha wake. Alikuwa amekwisha kuuweka. Lakini aliuondoa nao, na katika dinari ile hata jina lake halimo. Warumi waliandika juu ya dhahabu kwamba mfalme ni mwana wa mungu. Dinari mpya ilisema Allah hakuzaa wala hakuzaliwa. Kwa swali letu la kwanza, "uso wa nani?", ikajibu: hakuna uso. Kwa swali la nani mkubwa, ikajibu: Allah peke yake.

Wapo wacha Mungu wa wakati ule ambao hawakufurahi. Imepokewa kwamba dirhamu za namna hii zilizotolewa Iraq na gavana al-Hajjaj ziliitwa "zenye kuchukiwa", kwa sababu waliogopa maneno matukufu yatashikwa na mikono isiyo tohara. Tunajifunza kwamba hata jambo jema linahitaji adabu, na kwamba wanachuoni wetu walikuwa na ujasiri wa kuhoji.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana pia upande wa Rumi. Katika miaka hiyo hiyo mfalme Justinian wa Pili, aliyetawala kuanzia 685 hadi 695 na akarudi tena baadaye, aliweka juu ya dinari yake picha ya Nabii Isa (a.s.) kama wanavyomchora wao. Mmoja alisogeza picha mbele, mwingine akaifuta kabisa. Sarafu zikawa kama wanazuoni wawili wanaojadiliana sokoni.

5. SARAFU ZA PWANI YETU

Msidhani mambo haya yalikuwa ya Waarabu na Warumi tu. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilichimbuliwa akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Zilifichwa ardhini katika karne ya 11. Zile za fedha zina majina ya watawala Waislamu wa pwani hii hii.

Baadaye Kilwa ikawa na sarafu zake za shaba. Ni ndogo, hazina mwaka, wala hazina picha. Upande mmoja lipo jina la sultani, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili yapo maneno ya kwamba anamtegemea Mola mwenye neema. Pande hizi mbili zina vina, kama ubeti wa shairi. Ukisoma jina la mtawala, huwezi kulimaliza shairi bila kugeuza sarafu na kusoma sifa ya Mola wake. Wazee wetu walikuwa na hekima!

Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu, alitoa hata dinari za dhahabu. Sarafu yake moja ya shaba imeonekana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, bara kabisa, mbali na bahari. Na mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Sisi wa bara wakati ule tulikuwa na namna zetu za kununua. Huko Ujiji katika karne ya 19 soko lilitumia shanga zilizoitwa sofi, na chumvi ya Uvinza ilisafirishwa mbali kwa biashara.

Huko Zanzibar, Sultani Sayyid Barghash alitoa pesa ya shaba mwaka 1299 Hijria, sawa na 1882. Upande mmoja ni jina lake na dua ya kuomba Allah amhifadhi. Upande wa pili ni picha ya mizani. Tangu zamani mizani ni alama ya uadilifu, nayo haina roho, kwa hiyo haikuleta mgogoro. Kila aliyenunua kwa pesa ile alikumbushwa kupima kwa haki.

6. HELA, SENTI NA MWENGE

Walipokuja Wajerumani, kampuni yao ilitoa pesa ya shaba mwaka 1890. Upande mmoja waliweka tai wa dola yao, ndugu wa wale tai wa Rumi. Lakini upande wa pili waliandika kwa herufi za Kiarabu, na mwaka wakaweka wa Hijria, 1307. Kwa nini? Kwa sababu walitaka isomwe, na waliokuwa wakisoma nchini walisoma herufi hizo. Mwanafunzi anayechoka na alif na be akumbuke hilo.

Baadaye rupia ya Mjerumani iligawanywa kwa heller, na hapo ndipo tulipopata neno "hela". "Pesa" limetoka India, "fedha" limetoka katika neno la Kiarabu la madini yale meupe, na "dinari" lilianzia kwa Warumi wenyewe. Historia nzima imo katika ulimi wetu.

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walizibiwa njia ya bahari. Wakatengeneza sarafu Tabora, katika karakana ya reli, reli hii iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ya dhahabu ilikuwa ya rupia 15, yenye tembo anayeinua mkonga na mlima nyuma yake, na upande wa pili tai. Tembo yule alitaka kuonyesha nguvu. Mwezi Septemba wa mwaka huo huo Wabelgiji waliingia Tabora.

Waingereza nao walileta shilingi yenye kichwa cha mfalme wao na simba aliyesimama mbele ya milima, na senti zenye tundu katikati na pembe za ndovu. Wazee wetu wanazikumbuka. Kisha tulipojitawala, Benki Kuu yetu ilianza kazi mwaka 1966, na shilingi ya Tanzania ikatoka na Mwalimu Nyerere upande mmoja, na mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru upande wa pili. Ndiyo maana watoto wanaporusha sarafu huulizana, "kichwa au mwenge?" Leo wanyama wetu wamechukua nafasi. Ujumbe umekuwa: hii ndiyo nchi yenu, tunzeni mali yake.

7. MASUALA YANAYOTUHUSU NYUMBANI

(a) Swala na sarafu yenye picha. Sasa tulijibu lile swali. Maswahaba walishika dinari zenye picha ya Hiraqli na dirhamu zenye mfalme wa Uajemi. Walinunua, waliuza, walitoa zaka kwa fedha hizo, na waliswali. Kwa ajili hiyo wanachuoni wengi wamesema swala ya mwenye sarafu au noti mfukoni ni sahihi, kwa kuwa ni kitu cha lazima katika maisha, na picha yenyewe haitukuzwi. Lililokatazwa ni kuitukuza picha, au kuiweka mbele ya mwenye kuswali ikamshughulisha, kama tunavyofahamu katika hadithi ya pazia la Bi Aisha (r.a.). Kwa hiyo mtoto asikatishwe swala, wala asitupe nauli yake nje ya mlango wa msikiti.

(b) Zaka. Swali letu la nne lilikuwa uzito. Dinari ya Abdul-Malik ina gramu 4.25. Nisabu ya dhahabu ni dinari 20. Basi 20 mara 4.25 ni gramu 85. Dirhamu kisheria ni saba ya kumi ya uzito wa dinari, yaani gramu 2.975. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, nazo ni gramu 595. Hesabu tunazofundishwa katika somo la zaka zimetokana na uzito huu wa sarafu. Shilingi zetu si dhahabu, kwa hiyo thamani ya akiba hulinganishwa na bei ya madini haya, na mali iliyofika nisabu na kupitiwa na mwaka hutolewa asilimia mbili na nusu.

(c) Rupia za "bahati". Wapo watu wanaopita vijijini wakidai kwamba wana rupia ya Mjerumani yenye nguvu ya kuvuta mali. Huomba familia iuze mbuzi, au ikope, ili ipate kuinunua. Wazazi wetu, tahadharini. Rupia ile ni kipande cha fedha cha gramu 11 na ushei, kilichopigwa chapa na mashine. Haikuweza kumwokoa Mjerumani aliyeitengeneza, itamtajirishaje aliyeinunua kwa mkopo? Kuamini kwamba kipande cha madini kinaleta riziki ni kurudi kulekule kwa tai wa Warumi. Na atakayeokota kitu cha kale shambani asikivunje wala asikiuze kwa siri. Akipeleke ofisi ya serikali ya kijiji, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda urithi huu, nao hutufundisha historia kama mnavyoona.

(d) Biashara. Pesa ya Barghash ilikuwa na mizani. Ya kwetu haina, lakini Suratul Mutaffifin ipo pale pale. Anayeuza maharage kwa debe lililobonyezwa, na anayemlazimisha mkulima kufunga gunia la lumbesa, wote wawili sura hiyo inawahusu.

HITIMISHO

Ndugu zetu, tumeona wafalme wakiandika juu ya dhahabu kwamba wao ni wa daima, na sarafu zao leo zinaokotwa kwenye vumbi. Tumeona Khalifa akiondoa uso wake na jina lake ili libaki jina la Allah. Tumeona masultani wa Kilwa wakikiri juu ya shaba ndogo kwamba wana Mola wanayemtegemea. Lakini maneno juu ya sarafu hayaisafishi pesa iliyopatikana kwa dhulma. Dinari yenye shahada ikiibiwa ni haramu, na shilingi yenye picha ya simba ikichumwa kwa jasho na ikatolewa sadaka ni ibada. Chapa ya kwanza ya sarafu huwekwa na mtawala. Ya pili huwekwa na mkono unaoichuma na kuitoa, na hiyo ndiyo tutakayoulizwa.

MASWALI YA ZOEZI

1. Taja maswali manne ya kuiuliza sarafu, kisha yajibu kwa sarafu ya shilingi mia mbili.
2. Eleza hatua tatu za mabadiliko ya dinari katika zama za Abdul-Malik bin Marwan.
3. Kwa nini Wajerumani waliandika kwa herufi za Kiarabu juu ya pesa ya mwaka 1890?
4. Mama ana dhahabu ya gramu 90 aliyoiweka akiba mwaka mzima. Je, imefika nisabu? Onyesha hesabu.
5. Muulize babu au bibi nyumbani sarafu alizotumia utotoni na picha zake, uandike nusu ukurasa uulete darasani.